Asha wa Pumzi si Mgeni Upareni

Miongoni mwa walimu wa fasihi, wachapishaji na hata wasomaji wazuri wa Kiswahili imekita mizizi rai moja: kwamba hadithi za kisayansi ni mali ya watu wengine. Wenye rai hiyo hujenga hoja yao hivi. Bunilizi za aina hii zilizaliwa katika nchi za viwanda, maabara na vyombo vya angani. Sisi ambao bado tunahangaika na visima hatuna la kuandika humo, na Mwafrika anayejaribu huishia kuiga. Mwandishi akiwa mwanamke huwekewa na sharti la pili, kwamba uwanja wake ni ndoa, mirathi, malezi na dhuluma za nyumbani. Ndiyo maana anapotajwa Wanuri Kahiu, Mkenya aliyeandika na kuongoza filamu ya Pumzi mwaka 2009, husifiwa kidogo kama ajabu lililotokea mara moja, kisha mazungumzo hurudi kwenye kile kinachoitwa fasihi yetu. Rai hiyo inakosea kuhusu Kahiu, inakosea kuhusu sayansi, na inakosea zaidi kuhusu sisi wenyewe. Ushahidi wangu nitautoa kwa sehemu kubwa wilayani Same na kwenye milima ya Upare, maana huko swali la Pumzi limeulizwa kwa majembe na mifereji muda mrefu kabla kamera haijalifikia.

Kahiu alizaliwa Nairobi mwaka 1980. Alisoma Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akajifunza filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Filamu yake ndefu ya kwanza, From a Whisper, ilitoka 2008 na inahusu mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi wa Agosti 1998. Mwaka uliofuata alitoa kazi mbili ambazo hazipaswi kutenganishwa: filamu ya maisha ya Wangari Maathai iitwayo For Our Land, na Pumzi. Anayeiona Pumzi kuwa mwigo wa Hollywood aanzie hapo. Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akawakusanya wanawake wa vijijini wakaotesha miche, akapambana na serikali juu ya misitu na viwanja vya wazi, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Msanii aliyeyafuatilia maisha hayo kwa kamera ndiye aliyemwandika mwanamke anayetoroka mji ili akapande mche mmoja jangwani. Januari 2010 Pumzi ilioneshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, na mwaka huohuo ikashinda kama filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru la Cannes. Leo wengi wanamfahamu Kahiu kwa Rafiki ya mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha kuu la Cannes, ambayo nyumbani ilipigwa marufuku. Mjadala wa marufuku hiyo umeifunika Pumzi, nami naona hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu Pumzi ndiyo iliyofungua njia ambayo kabla yake haikuwa imepitwa na mwanamke wa Afrika Mashariki mwenye kamera.

Wapo watakaosema kwamba mwongozaji wa filamu si mwandishi. Pumzi aliiandika mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2016, pamoja na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alichapisha katika jarida la Clarkesworld hadithi fupi iitwayo Rusties, inayohusu roboti za kuongoza magari katika barabara za Nairobi. Msomaji anayedhani roboti hizo zimetoka mawinguni akumbuke kwamba Kinshasa zilianza kufanya kazi barabarani mwaka 2013, na aliyezibuni ni mhandisi mwanamke wa Kongo, Thérèse Izay Kirongozi. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Kahiu na Okorafor wangeandika pamoja tamthilia ya televisheni kutokana na Wild Seed, riwaya ya mwaka 1980 ya Octavia Butler, ambaye kwa Waamerika Weusi ndiye mama wa fani hii. Mtu anayepewa kazi ya Butler aipigie kalamu upya si mpita njia katika fani.

Hadithi yenyewe ni fupi, dakika 20 na ushei. Miaka 35 imepita tangu Vita Kuu ya Tatu ya Dunia, iliyopiganwa kwa sababu ya maji. Waliosalia katika eneo la Afrika Mashariki wanaishi ndani ya mji uliofungwa uitwao Maitu. Nje, wanaambiwa, kila kitu kimekufa. Ndani, kila mtu ana mgao wake wa maji. Jasho hukusanywa, mkojo huchujwa ukanyweka tena. Umeme hutokana na watu wenyewe wanaokimbia na kupiga makasia kwenye mashine. Asha ni mtunzaji wa jumba la makumbusho lenye mabaki ya mimea. Siku moja analetewa udongo usiojulikana umetoka kwa nani. Anaupima: una unyevu mwingi, na hauna sumu ya nyuklia. Anaweka mbegu kavu ya makumbusho ndani yake, nayo inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka nje akatafute udongo huo ulikotoka, na Baraza linamkatalia. Hata ndoto anayoiota ya mti inahesabiwa kuwa ugonjwa, anaamriwa ameze vidonge vya kuizuia. Anapoendelea kusisitiza anaondolewa kazini na kupelekwa kwenye mashine za kuzalisha umeme. Anatoroka kwa msaada wa mwanamke anayesafisha maliwato, anatembea jangwani, anapanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anajilaza juu yake kuukinga na jua.

Angalia mahali ambapo hadithi hii imeuweka uzito. Mashine zake ni chache, na zote zinafanya kazi sawasawa. Hakuna roboti lililoasi wala mtambo ulioharibika. Chombo cha kisayansi kinachoendesha kisa ni kipimo cha unyevu wa udongo, kitu ambacho bwana shamba wa kata anakielewa. Mgogoro ni kwamba kipimo kimesema jambo moja na Baraza limesema jingine, na aliyeshika kipimo hana mamlaka ya kufungua mlango. Hadithi ya kisayansi, kwa maana yake nzito, hukaa hapo: ujuzi umepatikana, sasa nani ataruhusiwa kuutumia, na nani atafaidi ujinga ukiendelea? Jamii haihitaji kumiliki roketi ndipo iulize hivyo. Inatosha iwe na maji machache na watu wanaoyagawa.

Same ina vyote viwili. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima ya Upare Kusini na kuiacha mvua yake huko juu, kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena kinachozidi mita 2,400. Upande wa magharibi, kutoka Hedaru na Makanya hadi mjini Same, milima imeukinga ukanda mzima usipate mvua ya kutosha. Tambarare hupata kama milimita 500 au 600 kwa mwaka, na mara nyingi zikaanguka zote katika wiki chache, mahindi yakaota vizuri na kukauka yakiwa yanachanua. Watu wa milima hii waliliona tatizo hilo na wakalibunia chombo, ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe kwenye mteremko. Usiku, watu wakiwa wamelala, maji ya kijito huelekezwa humo kwa mfereji. Asubuhi tundu la chini huzibuliwa, na maji yaliyolimbikizwa hutoka kwa wingi na kasi ya kutosha kulifikia shamba la mbali. Kijito chenyewe, kikiachwa kitiririke mchana kutwa, kingenyonywa na mchanga njiani na kukauka kabla ya kumfikia mtu wa chini. Aliyebuni ndiva alielewa kwamba kiasi kilekile cha maji kinafanya kazi tofauti kikitolewa polepole na kikitolewa kwa mkupuo, na huo ni ujuzi wa mwendo wa maji ambao wahandisi hufundishwa kwa milinganyo.

Ndiva haimalizi ugomvi, na hapo ndipo inapofanana na Maitu kuliko wasomaji wengi wangependa kukubali. Katika bonde la Makanya, ambako ndiva kama ile ya Manoo zimewavutia watafiti wa maji wa ndani na nje ya nchi, wa juu hupata kabla ya wa chini. Zamu hupangwa kwa siku na kwa saa, na palipo na zamu pana kamati, pana mtu anayesema leo ni yako na kesho ni ya jirani. Mvua ikiwa nzuri hakuna anayeuliza kamati ilichaguliwaje. Mvua ikikata, kila saa ya maji inakuwa siasa. Kahiu ameuchukua mpango wa aina hiyo akausukuma hadi mwisho wake: je, ikiwa kamati ndiyo inayoamua pia nani aruhusiwe kupanda mlimani kuona kama chanzo kimekauka kweli? Mkulima wa kijiji cha Bangalala, katika bonde hilohilo, hahitaji mtu wa kumfafanulia swali hilo. Yeye ndiye msomaji aliyekusudiwa, hata kama mwandishi hakumjua.

Wanaosema hatuna historia ya teknolojia ya kuandikia hadithi wakumbushwe Ugweno, Upare Kaskazini. Huko ukoo wa Washana ulifua chuma, na majembe na silaha za Upare ziliuzwa hadi kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mkubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyeji wa milima hiyohiyo, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare jinsi Washana walivyoshika nguvu kwa sababu ya ujuzi wa chuma, na jinsi ukoo wa Wasuya ulivyokuja kuwapindua na kujenga utawala mpya. Yeyote aliyesoma riwaya za kisayansi za Magharibi anaitambua njama hiyo mara moja: kundi lenye ujuzi adimu linatawala, kundi lisilo nao linapanga mapinduzi, na baada ya mapinduzi linabaki swali la nini kifanyike na wenye ujuzi, kwa kuwa majembe bado yanahitajika. Riwaya hiyo haijaandikwa. Kisa chake tunacho.

Hapa lazima nitofautiane na watetezi wenzangu, na kwa sehemu na Kahiu mwenyewe. Utetezi uliozoeleka ni kwamba Afrika imekuwa na hadithi hizi siku zote, kwa sababu tuna mazimwi, majini, waganga na waonaji. Kahiu alipozungumza kwenye jukwaa la TEDx jijini Nairobi mwaka 2012 alielekea huko, akiwataja waonaji wa kale na kuonesha kwamba kuutazama mustakabali si jambo la kigeni barani. Naelewa kwa nini alisema hivyo. Neno Afrofuturism lilitungwa na mhakiki Mmarekani, Mark Dery, mwaka 1993 akiwazungumzia Waamerika Weusi, na Waafrika walilazimika kueleza kwamba wao hawakungoja neno hilo. Okorafor naye mwaka 2019 alieleza kwa maandishi kwa nini anakataa kuitwa kwa jina hilo. Lakini zimwi si sayansi. Hadithi ya zimwi hutuogopesha na kutufunza, ila haituombi tupime chochote. Tukisema kila ngano ni hadithi ya kisayansi tunakuwa tumekubali kimyakimya hoja ya mpinzani, kwamba sayansi yetu ni uganga. Ushahidi ulio bora ni ndiva na kalibu ya Mshana: vitu vilivyobuniwa na watu waliopima, wakakosea, wakarekebisha.

Kiswahili nacho kimo katika kazi hii kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, riwaya ya nchi iliyoko angani. Wanafunzi husomeshwa kwamba ni fumbo la ukoloni, na ni kweli, lakini tazama kisa kinaendaje. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao kila mmoja alisafiri mbali, akajifunza jambo la kuifaa nchi, akarudi nalo, na badala ya kushukuriwa akafungwa. Muweke Asha mbele ya Baraza la Maitu na kipimo chake mkononi, na utakuwa umeona mjumbe wa saba. Sisemi Kahiu aliichukua kutoka kwa Shaaban Robert. Nasema msomaji aliyelelewa na Kusadikika ana ufunguo wa Pumzi tayari, na mwalimu anayemwambia kwamba fani hii ni ya Wazungu anamnyang'anya. Mwaka 1995 Katama Mkangi alimpeleka Dzombo kwa chombo cha angani hadi Walenisi, nchi iliyopangwa kwa usawa. Orodha ya wanaume si tupu. Walichokosa wanaume hao ni mwanamke aliyeshika kipimo, na hilo ndilo Kahiu alilolileta.

Juu ya wanawake, historia ya Upare ina tukio ambalo ningependa lisomwe sambamba na Pumzi. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same kupinga kodi ya mbiru, ambayo serikali ya kikoloni iliipanga kwa kukadiria mali ya kila mtu. Walipiga kambi na kukataa kuondoka. Mashamba yakabaki na wanawake. Ndipo wanawake wa Usangi, mwanzoni mwa 1946, walipomkabili ofisa wa wilaya kwa dai ambalo wanahistoria wamelihifadhi: ama amalize mgogoro waume zao warudi, ama awape mimba yeye. Watu wamelieleza dai hilo kama hasira au kichekesho. Mimi naliona kuwa hoja ya kiwango cha juu. Wanawake wale waliuchukua mpango wa serikali kama ulivyo, wakaufuata hatua kwa hatua mpaka mahali ambapo upuuzi wake haukuweza kufichika: ukiwaondoa wanaume nyumbani kwa sababu ya kodi yako, basi majukumu yao ni yako. Kukipa kisingizio cha mtawala nafasi ya kukua mpaka kionekane sura yake yote ndiyo mbinu hasa ya bunilizi za kisayansi. Kahiu anafanya hivyohivyo na mgao wa maji. Kodi ya mbiru ilikuja kufutwa.

Mbinu hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake tangu fani ilipoanza. Mary Shelley alianza Frankenstein mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18, na kitabu kikatoka 1818. Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengal, ambaye mwaka 1905 alichapisha katika jarida la Madras hadithi iitwayo Sultana's Dream. Katika nchi aliyoibuni, wanaume ndio wanaokaa ndani. Wanawake wamejenga vyuo vikuu viwili, kimoja kimevumbua puto lenye mabomba linalovuta maji moja kwa moja kutoka mawinguni, kingine kimevumbua namna ya kuvuna na kuhifadhi joto la jua. Mwaka 1911 Rokeya alifungua shule ya wasichana Kolkata na kuiendesha hadi alipofariki mwaka 1932. Maji ya mawinguni na joto la jua: mwandishi wa Same angechagua vitu gani vingine? Bengal ya 1905 ilikuwa chini ya Mwingereza kama Upare ilivyokuwa chini ya Mjerumani, wala Rokeya hakungoja nchi yake iwe na viwanda ndipo aandike. Kwetu, Grace Ogot, mkunga na muuguzi kwa mafunzo, ambaye riwaya yake ya The Promised Land ilitoka mwaka 1966, alieleza kwamba hadithi zake za awali zilikataliwa na mchapishaji aliyeshindwa kuelewa vipi Mkristo aandike mambo ya kafara na dawa za asili. Milango hiyo ina historia ndefu, na waliosimama mlangoni hawakuwa wanasayansi.

Sasa nizijibu pingamizi. Ya kwanza ni kwamba Pumzi ilifadhiliwa kutoka nje, na Focus Features ya Marekani pamoja na Taasisi ya Goethe ya Ujerumani, tena ikapigwa picha Afrika Kusini, na maneno yake mengi ni ya Kiingereza. Kwa hiyo si yetu. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hii ni kweli na haina aibu yoyote. Kusadikika yenyewe ilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza, na hakuna anayemnyima Shaaban Robert uenyeji wa Tanga kwa sababu hiyo. Fedha hutuambia nani alikuwa na fedha. Suala la lugha ni zito zaidi, na hapo siwatetei wahusika: filamu yenye jina la Kiswahili, mhusika mwenye jina la Kiswahili na tatizo la tambarare zetu ingestahili kutufikia kwa Kiswahili. Lakini dawa ya hilo ni kuitafsiri na kuiandikia mwongozo wa darasani, kama tulivyofanya kwa Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyoandikwa kwa Kiingereza ambayo wanafunzi wetu wa sekondari wameisoma kwa Kiswahili kwa miaka mingi bila mtu kulalamika kwamba ni ya kigeni.

Pingamizi ya pili ndiyo yenye uzito wa kiutu. Watu wa Same wanahitaji maji, si filamu kuhusu maji. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna hadithi iliyojaza ndoo hata moja. Hili siwezi kulijibu kwa maneno matamu. Nasema tu kwamba pingamizi inadhani mabomba na fikra vinashindania shilingi ileile, na haviko hivyo. Bomba lilichorwa na mtu kabla halijachimbiwa. Mtu huyo alitazama bwawa hilo la Mto Pangani upande mmoja na mji mkavu upande wa pili akaona kitu ambacho hakikuwepo. Kisha yakaja maswali ambayo mchoro hauyajibu: bwawa likipungua nani atafungiwa kwanza, kijiji cha wavuvi, shamba la mpunga la mto wa chini au mji wa Same? Ndiva za milimani zitatunzwa na nani vijana wakishaamini maji hutoka bombani? Maswali hayo yapo mbele yetu, hayajatokea yote, na fasihi ya uhalisia inayosubiri jambo litokee ndipo iliandike haiwezi kuyafikia kwa wakati. Riwaya za uhalisia kama Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu ni vitabu vizuri. Vinaeleza dhiki ilivyo. Msichana wa kidato cha nne Makanya anastahili pia kitabu kimoja kinachomuuliza dhiki itakuwaje akifika umri wa bibi yake, na yeye atakuwa kwenye Baraza au kwenye mashine.

Pingamizi ya tatu hutolewa na wanawake wasomi, na naiheshimu kuliko zote. Asha anakufa. Mti unakua kutoka mwilini mwake. Je, si kafara ileile ya zamani, mwanamke akitolewa ili wengine wapate mvua? Katika hadithi ya Grace Ogot iitwayo The Rain Came, Oganda, binti wa mtemi, anachaguliwa atolewe kwa joka la ziwani ili mvua inyeshe. Mpenzi wake Osinda anamwokoa, na mvua inanyesha hata hivyo. Ogot aliandika hayo miaka ya 1960, akamwacha msichana hai. Kahiu, miaka 40 na zaidi baadaye, anamlaza wake mchangani. Tofauti ninayoiona ni kwamba Oganda aliteuliwa na wazee, na Asha hakuteuliwa na mtu: walio na mamlaka walimkataza, akavunja katazo akiwa na ushahidi wa kipimo mkononi. Kafara haiendi kinyume cha amri ya madhabahu. Hata hivyo sehemu ya lawama inabaki, nami siifuti. Wanawake wa tambarare hizi wamebeba maji kichwani vizazi na vizazi, na sanaa inayoutukuza mwili wa mwanamke unaotoa jasho la mwisho inaweza kusikika masikioni mwa wengine kama agizo la kuendelea kubeba. Ningependa Asha angerudi Maitu na jani moja la ule mti, alisimamishe Baraza zima mlangoni kama wanawake wa Usangi walivyomsimamisha ofisa wa wilaya, na mwanamke wa maliwato awe wa kwanza kutoka. Kahiu hakuandika hivyo, na ni haki yake. Nafasi hiyo aliyoiacha wazi ni ya mwandishi mwingine, na sioni sababu yoyote ya kijiografia, ya kihistoria wala ya lugha kwa nini asiwe Mpare.